Mwaka wa Nzige

Saa tano asubuhi kompyuta ya kiwanda cha pamba ilikubali mwaka wa nzige.

Siku nne nzima ilikuwa inaukataa. Kadi za wafanyakazi wazee hazikuwa na tarehe za kuzaliwa. Badala yake ziliandikwa: mwaka wa nzige, mwaka wa njaa, mwaka mto ulipochukua daraja. Mashine ilitaka namba tu, ikazitema kadi thelathini na nane.

Nikaitengenezea orodha ya kusomea: kila tukio na namba ya mwaka wake. Baba, mpakia marobota wa kiwanda hiki hiki aliyezaliwa mwaka wa nzige, ndiye aliyenihesabia miaka hiyo kwa vidole tukila michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nyumbani.

"Usisahau mtu, Luhende," aliniambia. "Wote waingie."

Wote wakaingia.

Tajiri aliyekinunua kiwanda kutoka kwa chama cha ushirika alikuwa amesimama nyuma yangu. "Kazi nzuri. Sasa nitolee majina ya waliozidi miaka hamsini na tano. Hao tunawapunguza kazini Ijumaa."

Nilitazama vitufe. Nyuzi za pamba zilikuwa zimejaa katikati yake. Nikazipuliza, zikapaa kidogo, zikarudi pale pale.

"Kuna tatizo?"

"Hakuna, mzee," nikasema, nikabonyeza.

Karatasi ikaanza kutoka, mstari baada ya mstari. Nje ya dirisha baba alikuwa ameegemea robota pamoja na wenzake, wakisikiliza mashine ikichapa. Aliponiona namtazama, akatabasamu.

"Luhende, tumeingia wote?"