Nyama Aliyokula Gaspar

"Nilikula kobe," Gaspar alirudia kwa mara ya tatu, mdomo ukigusa pazia la mlango. "Nisameheni. Nilikula kobe."

Ndani, Tekla mkewe alizidi kulia. Ilikuwa siku ya pili ya uchungu, masika ya 1948, barabara ya kwenda hospitali imejaa maji, na mtoto hatoki.

Kwao bara walijua hivi: uzazi ukikwama kuna mwiko umevunjwa, na mwenye kosa, mume au mke, sharti akiri. Kobe alikuwa mwiko wa ukoo wa Gaspar. Na mwezi uliopita jirani yao hapa Temeke, Mwishehe mvuvi, alimletea bakuli la nyama ya kasa. Njaa ya kuli wa bandarini haina maswali. Alikula, akalamba na vidole.

Adelina, mkunga waliyetoka naye kijiji kimoja, alichungulia nje. "Kukiri kosa lisilo lenyewe hakusaidii," alisema. "Nguvu zinamwishia. Kahakikishe ulichokula."

Didas, rafiki wa Gaspar aliyepanga chumba cha pili, akamshika mkono. Alihangaika kuliko mwenye mke. Akamsihi asipoteze muda. Kasa ni kobe tu wa baharini, aendelee kukiri. Gaspar akajichomoa, akakimbia.

Alimkuta Mwishehe uani akishona wavu. Mvuvi akamwonea huruma, akamweleza taratibu. Kobe ana miguu yenye kucha, huficha kichwa gambani, na ukimtupa baharini anakufa. Kasa ana makafi ya kuogelea, kichwa chake hakiingii ndani hata umpige, na nchi kavu hupanda kutaga mayai tu.

"Mie nimewavua tangu utotoni," alisema. "Hujala kobe, ndugu yangu."

Gaspar alirudi mbio, machozi ya furaha yakimtoka. Hakuwa na kosa. Aliwatangazia wote pale uani kwamba kasa si kobe, akamkumbatia Didas, ambaye macho yake hayakutoka kwenye pazia.

Nyuma ya pazia Adelina alikuwa amesikia yote. Akamwinamia mzazi, akamwambia kwa upole, "Basi, Tekla. Umebaki wewe."

Kisha Tekla akataja jina la Didas, na kabla Gaspar hajageuka kumtazama rafiki yake, mtoto akalia.