Nyumba ya Mia Kamili

Mtaani kwa Bi Mwanaidi kila mtu alikuwa na namba, na namba za nyumba moja, zikijumlishwa au kuzidishwa, zilipaswa kufika mia kamili. Mtambo ndio uliopanga. Uliongeza mtu mmoja mmoja. Hesabu ikigoma, ulimtoa wa mwisho ukajaribu mwingine. Jua likizama, nyumba nzima humsahau aliyetolewa, naye huisahau nyumba.

Asubuhi ile alitolewa mumewe, Shekue. Bi Mwanaidi akashinda akilitaja jina lake huku akipepeta mchele, asije akalipoteza.

Alasiri akabisha mgeni mwenye begi.

“Hodi, mama. Naitwa Mbaruku. Nimeletwa kujaribiwa.”

“Karibu, baba. Begi usilifungue, huna siku mbili hapa.”

“Basi angalau nile!”

Siwatu, binti wa Bi Mwanaidi wa miaka saba, akaangua kicheko. Mgeni naye akacheka. Wote wawili walikuwa na mwanya mmoja, upande wa kushoto, na dole gumba moja la mkono lililopinda.

“Umewahi kufika hapa?” Bi Mwanaidi aliuliza.

“Mimi? Ndiyo kwanza.”

Jua lilikuwa linashuka. Bi Mwanaidi hakujua tena amwombee nani: Shekue arudi, au mgeni huyu abaki.