Seli ya Tano

Seli nne, vijumba vya nta ambamo nyuki hukuzia malkia wapya, nilishaziponda kwa kidole gumba. Kundi lenye malkia likiachiwa seli hizo linahama. Nikaigusa ya tano.

“Shemeji, malkia umemwona?” aliuliza Leonsia, mdogo wa mke wangu, akipuliza moshi.

“Yumo.”

“Sijauliza kama yumo. Umemwona?”

Niligeuza masega yote. Hapakuwa na malkia wala yai. Alishaondoka na nusu ya nyuki, na mimi nilikuwa naua warithi wake.

Seli ya tano ilikuwa imebonyea tu. Niliirudisha taratibu mzingani.

“Asante, Leonsia. Ungechelewa kidogo, tungebaki na mzinga mtupu hapa Buhongwa.”

“Nyamaza, shemeji. Sikiliza.”

Ndani ya seli ya tano, kitu kilikuwa kinatafuna nta ili kitoke.