Diski Z

“Shangazi, umejaza tena!”

Injinia aliyasema hayo akiwa amesimama mlangoni pa ofisi ya shangazi yake, kwa sauti ya kuwafikia wachapaji wote mpaka kwenye mashine ya kukatia karatasi. Angeweza kuingia na kufunga mlango. Lakini dharau ya faragha ina utamu gani?

“Mimi, baba?” Shangazi alivua miwani. Kiwanda cha uchapaji kilikuwa chake, na ada ya chuo ya Injinia ilitoka humo humo. “Wiki nzima nimeandika barua mbili.”

“Basi barua zako zinazaana. Folda yako imeibana seva nzima, kompyuta kuu ya kutunzia kazi zetu zote.”

“Humo naona mavitu chungu nzima nisiyoyajua.”

“Ndiyo huitwa takataka, Shangazi. Usichokijua, futa. Au nikuchoree picha?”

“Na nikikihitaji baadaye?”

“Kwenye seva kikifutwa hakirudi. Ndiyo uzuri wake.”

Wachapaji wakacheka kidogo, kwa adabu. Shangazi naye akacheka, maana huyu ndiye msomi wake, akavaa miwani na kuanza kufuta.

Injinia akarudi kwenye kiti chake, kile alichokataza kisitolewe nailoni. Yeye ndiye aliyeandika skripti, maagizo ambayo kompyuta huyafuata yenyewe: kila jioni, chukua kurasa zote za kitabu cha shule, zipeleke Z. Z ndiyo herufi aliyoipa stoo ya nakala, ndani ya seva.

“Herufi moja tu, kaka?” dada wa kupanga kurasa aliwahi kumuuliza. “Hazitapotea njiani?”

“Anwani nzima huandikwa na waoga. Wewe panga kurasa zako.”

Aliijaribu mezani kwake, ikafanya kazi. Akaihamishia kompyuta ya mapokezi, ile isiyozimwa, na hakuitazama tena. Kutazama mara ya pili, kwake, ilikuwa kazi ya watu wasiosoma.

Siku ya kuchapa kitabu, asubuhi, kompyuta ya dada wa kurasa ilikoroma kama mtu aliyekabwa, ikazima, isiwake tena. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa humo. Bila kitabu, shule zingekwenda kwa mchapaji mwingine, na Shangazi angefunga kiwanda. Dada akashika kichwa.

“Acha kulia kama umefiwa,” Injinia alimwambia. “Nakala zipo.”

Akafungua stoo. Hamkuwa na kitu. Hata ukurasa mmoja haukuwahi kufika.

Sasa jasho likamtoka. Alikimbilia mapokezi, akamsukuma binti wa pale pamoja na kiti chake, akaifungua skripti, kisha orodha ya diski za kompyuta ile, akasoma jina lililokaa mbele ya Z.

Herufi ya diski ni kama neno mama: kila mtoto hulitamka, na kila mmoja ana wake. Mezani kwa Injinia, Z ilikuwa stoo. Hapa mapokezi, Z ilikuwa folda ya Shangazi. Injinia mwenyewe ndiye aliyeiunganisha zamani, Shangazi alipokuwa akiketi hapa kupokea wateja, akasahau.

Injinia akacheka, akajifuta paji la uso kwa tai.

“Kitabu kipo!” alipaza sauti, kana kwamba ndivyo alivyopanga tangu mwanzo. “Kila jioni kilikuwa kinakwenda kwa Shangazi! Washeni mashine!”

Dada wa kurasa akaketi sakafuni kwa furaha. Mashine zikaanza kunguruma.

Kusikia jina lake, Shangazi akatoka ofisini, uso umemkunjuka kama mtoto aliyemaliza kazi ya nyumbani.

“Leo huna la kunisuta, baba,” alisema. “Asubuhi, kabla sijaweka hata mkoba chini, nimeingia kwenye ile folda yangu nikafagia kila kitu. Fungua uone kunavyong’aa.”