Figo ya Mdogo Wake

Sindano iligoma mara ya tatu, na Sista, aliyekuwa anachomwa, ndiye aliyembembeleza mchomaji.

“Usitetemeke, mwanangu. Shuka chini kidogo. Hapo juu pamekwisha.”

Muuguzi kijana akashuka, damu ikapanda kwenye mrija, mashine ya kusafisha damu ikaanza kunguruma. Miaka kumi na moja Sista alikuwa muuguzi kwenye wodi hii hii ya figo. Leo yeye ndiye mgonjwa, na watu hawajaacha kumwita Sista. Mishipa ya mkono wa kulia ilishaziba. Wa kushoto ulibakiwa na nafasi ya upana wa vidole viwili. Ikiisha hiyo, mashine haina pa kuingilia, na hakuna aliyehitaji kumweleza maana yake.

Hata hivyo leo alikuwa na matumaini, tena mengi, mpaka akawaonea haya wagonjwa wenzake. Leo majibu ya mdogo wake yanatoka.

Mdogo wake alikuwa fundi wa kupaua nyumba. Mama yao alipofariki, Sista alikuwa na miaka kumi na tisa na huyu ana sita. Akamlea, akamsomesha mpaka mwenyewe aliposema shule imemshinda, akamtafutia ufundi. Siku Sista alipotangaza ugonjwa wake, ndugu walijaa sebuleni wakinong’onezana huku wakitazama vidole vya miguu yao. Fundi akasimama, akajipiga kifua.

“Mnanong’ona nini? Dada atachukua figo yangu. Ninazo mbili, ya pili namtunzia nani?”

Watu walicheka, shangazi akalia, na tangu siku hiyo fundi hakupita mtaani bila kupewa mkono. Mzee mmoja alimtolea mfano kwa wanawe mpaka wanawe wakamchukia.

Sasa alikuwa ameketi kando ya kitanda, kofia magotini, mkewe amesimama nyuma yake.

“Wifi, mwambie ale,” mkewe alisema. “Tangu juzi anakunywa maji tu.”

“Anaogopa kisu huyo,” Sista akatania. “Juu ya paa anatembea kama paka, kitanda kinamtoa jasho.”

Fundi akacheka kidogo. “Nikishapasuliwa, dada, ngazi nitapanda tena?”

“Baada ya miezi mitatu utapanda mpaka uchoke. Nimewaona wengi.”

Akaitikia kwa kichwa, akawa anaizungusha kofia yake.

Daktari aliingia saa nne. Sista alimfahamu tangu akiwa mwanafunzi asiyejua kupima presha. Alisimama miguuni pa kitanda, mikono yote miwili mifukoni.

“Sina habari nzuri,” alisema. “Vipimo havikuruhusu. Fundi hataweza kutoa figo.”

Mke wa fundi akajiziba mdomo. Fundi akainamisha kichwa.

“Niletee karatasi ya majibu,” Sista akasema.

“Karatasi hakuna, Sista.”

“Kipimo gani kimekataa?”

“Vipimo tu.” Daktari alikuwa anaitazama mashine, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Sista akatamani kuinuka aende chooni ajifungie alie. Lakini zilibaki saa tatu, na mkono ukisogea kengele hulia wodi nzima. Hata kugeukia ukutani hakuweza. Akabaki vilevile alivyolazwa, uso juu, kila mtu anamwona.

Fundi akapiga magoti sakafuni, akaangua kilio mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakanyanyua vichwa.

“Mungu ananiona, dada! Mimi nilikuwa tayari!”

“Najua.” Sista akampapasa kichwa kwa mkono usio na sindano. “Mwili ndio umekataa. Wewe hukukataa.”

“Na watu je? Watanielewa?”

“Nitawaambia mimi mwenyewe. Hakuna atakayekunyooshea kidole. Sasa nenda ukale, mke wako anahangaika.”

Mkewe akamwinua, wakatoka wameshikana. Mgonjwa wa karibu na mlango, mtu mzima, alimshika fundi mkono akamwambia kwamba ndugu wa namna yake siku hizi hawazaliwi tena.

Daktari hakuondoka. “Nisamehe, Sista.”

“Umesema vizuri,” Sista akamjibu. “Ila mimi, nilipowaambia wagonjwa maneno hayo hayo, nilikuwa nawatazama usoni.”

Katika wodi ile, mtu akikataliwa na vipimo hukabidhiwa karatasi ya majibu yake. Wasiokuwa na karatasi ni wale walioitwa peke yao, mlango ukafungwa, wakaulizwa kama kweli wanataka kutoa, wakasema hapana.