Ndala za Bosi

Siku ya tatu mfululizo yule mama alikuja, akasimama mbele ya sanamu, macho chini. Watu wengine wote wakiingia ukumbi wa maonyesho walianza kuangalia tumbo. Yeye aliangalia miguu tu.

Bartholomeo akajua leo ameumbuka.

Sanamu yake aliiita Bosi. Tumbo lilikuwa karai bovu la kuoshea mchanga wa dhahabu, meno misumari yenye kutu, shingo tairi la bodaboda. Miguuni, ndala za mchimbaji: moja ya kijani, moja ya bluu, mkanda umefungwa kwa waya wa shaba. Watu wa mtaa wa Kambarage waliicheka hadi wakashika mbavu, kisha wakanyamaza. Ujumbe ulikuwa umewaingia: bosi wa machimbo anatembelea miguu ya mwenzake.

Ukutani alibandika karatasi: "Vitu vyote vimeokotwa jalalani au vimetolewa na wenyewe."

Uongo mtupu! Karai lilitoka jalalani, sawa. Tairi, sawa. Ndala aliziiba. Alizikuta machimboni, pembeni ya shimo, zimepangwa mstari na nyingine kama mlangoni mwa msikiti, wenyewe hawaonekani. Yeye mtu wa Mhunze, kwao pamba na ng'ombe, mambo ya machimbo alikuwa hayajui. Aliona zile rangi mbili na ule waya, mkono ukamwasha. Akazitia kwenye kiroba, akadandia bodaboda, akaishia zake.

Tangu hapo roho ilikuwa inamsuta. Hebu fikiria: msanii mzima anawasema matajiri wanaomnyonya mchimbaji, halafu yeye mwenyewe kamwacha mchimbaji arudi kwake pekupeku!

"Mwangaluka, baba," yule mama akamsalimu, safari hii akimsogelea.

"Mwangaluka, mayu."

"Naitwa Zipora. Hizi ndala ni za mume wangu, Masele. Waya huo nilimfungia mimi kwa mkono wangu."

Bartholomeo akageuka kutazama nyuma. Karibu na mlango walisimama wageni kadhaa, na mmoja wao alikuwa mwandishi wa gazeti. Ilimpasa aseme ukweli hapo hapo. Alishindwa.

"Sikuiba, mama," akasema haraka. "Mwenyewe alinipa."

"Alikupa?" Zipora akashika mdomo. "Masele alikupa kwa mkono wake? Akiwa mzima?"

"Mzima kabisa. Tulikutana stendi."

Mama wa watu akaketi sakafuni, machozi na kicheko vikamtoka pamoja. Mwaka wa pili huu alikuwa hajui mumewe yuko wapi, akasema. Watu walimwambia katorokea Geita kwa mwanamke. Ameshamlaani, ameshawakataza watoto wasimtaje, lakini usiku moyo ulimwambia amekufa.

"Ilikuwa lini, baba? Nakuomba, ukumbuke."

Hapo angalau Bartholomeo angeweza kusema kweli. Kila kitu alichookota alikiandika tarehe na saa kwa nyuma, ndivyo alivyozoea kufanya kazi. Akaifungua ile ndala ya bluu kwenye mguu wa Bosi, akaigeuza.

"Nane Nane ya mwaka juzi. Saa mbili asubuhi."

"Nane Nane!" Zipora akapiga makofi. "Ndiyo siku shimo lao, lile duara, lilipoporomoka, saa nane mchana. Kumbe asubuhi alikuwa keshaondoka! Mungu wangu, basi na akae huko na huyo mwanamke, mimi namsamehe. Alimradi anapumua. Leo watoto watalala na habari ya baba yao."

Akaipokea ndala, akaifuta vumbi kwa kanga. Bartholomeo alijisikia mwizi mara mbili, lakini furaha ile ya mama ilimpa ahueni kidogo. Akatafuta neno la kumfariji zaidi.

"Ila mama, kwa nini ulihofu? Si walichimba wakaona hayumo?"

"Walichimba, ndiyo. Kule hakuna daftari, baba. Mtu akishuka anaacha ndala zake juu, mdomoni mwa duara. Ajali ikitokea, watu wanahesabu ndala. Siku ile zilikuwa jozi sita, wakatolewa watu sita, wakaacha kuchimba." Zipora akatabasamu, akatikisa kichwa. "Ni mzee mmoja tu, Nasibu, aliyetutia wasiwasi. Alikaa pale siku tatu, sikio chini, anadai kuna mtu bado anagonga. Tukamwambia, mzee, nenda kalale, ndala zimekwisha."