Jongoo Asiyeliona Jua

Wanyama walipopeana zamu za kutazama kivuko, Pimbi alikaa juu ya mwamba na Kwale akakaa bondeni. Kila mmoja alitangaza habari kwa saa ya jua lake, na sheria ilikuwa moja: habari yenye saa ya mbele ndiyo hufuatwa. Pimbi alijivuna kwelikweli, maana jua lilimfikia yeye kwanza.

Asubuhi moja alitangaza, "Saa tatu, kivuko ni salama." Kwale aliisikia, kisha akamwona mamba akizama majini, naye akatangaza, "Saa mbili, mamba yumo," kwa kuwa bondeni jua lilikuwa limechelewa. Nyumbu, aliyetaka kuvuka, akaifuata habari ya saa tatu. Ndama wake alitoka majini mguu mmoja umechanika.

Jongoo, ambaye haoni hata miguu yake mwenyewe, akauliza, "Kwale, ulipotangaza, ulikuwa umeshaisikia ya Pimbi?"

"Nilishaisikia, mzee."

"Basi yako ndiyo ya baadaye. Liacheni jua. Kila anayetangaza achukue namba kubwa kuliko zote alizozisikia, aongeze moja."

Kesho yake Pimbi akatangaza, "Moja, salama." Kwale akaisikia, akatangaza, "Mbili, mamba." Kundi zima la Nyumbu likasimama ukingoni, kwato kavu.

Pimbi akamgeukia Jongoo. Asiyewahi kuliona jua ndiye aliyejua kipi kimetangulia kipi.

Tangu hapo Pimbi hupanda mwambani kuota jua tu, saa haulizwi.